Konti ya telefone ikifungwa: sheria ni zipi, na haki ni ipi?



Wakati wa mavuno ya mpunga, maswali mengi tunayopata kwenye mikutano si juu ya mbegu wala juu ya ndege wanaokula mashamba. Ni juu ya feza. Mpunga uko depo, mnunuzi anakaa Kindu au mbali zaidi, na feza inapita ndani ya telefone. Siku nyingi inapita vizuri. Lakini kuko siku mtunza feza anafungua telefone na kukuta mesaji kwamba konti imefungwa. Hawezi kutoa, hawezi kutuma. Memba wanakuja na mifuko mitupu, wanauliza: feza yetu iko wapi?

Katika somo hili tunajibu maswali manne. Juu ya nini kampuni zinafunga konti? Wakati gani zinafanya haki, na wakati gani hapana? Koperative ijikinge namna gani? Na ikifungiwa, ifanye nini siku ya kwanza, ya pili na ya kumi? Tunaomba sekretere wa kila koperative asome somo hili kwa sauti kwenye mkutano, kisha memba wajadili maswali yaliyo mwisho.

1. Feza ya telefone inakaa wapi?

M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012. Leo tuko pia na Airtel Money na Orange Money. Zote zinafanya kazi kwa namna moja. Ukimpa ajenti franga 50 000, zile noti hazisafiri. Zinabaki kwake, na yeye anakupa feza ya elektroniki, yaani hesabu iliyoandikwa kwa jina lako ndani ya mashine za kampuni. Ukimtumia mtu wa Kindu, hesabu yako inapungua, yake inapanda. Yeye ataenda kwa ajenti wa kule kuchukua noti.

Kampuni haina ruhusa ya kula ile feza. Banque Centrale du Congo ilitoa Maagizo namba 24 mwaka 2011 juu ya feza ya elektroniki, na Sheria namba 18/019 ya tarehe 9 Julai 2018 inasimamia mifumo yote ya malipo katika nchi. Msingi wake ni huu: feza ya wateja lazima iwekwe benki, mbali na feza ya kampuni yenyewe, ili kila mteja aweze kulipwa.

Kwa hiyo tukumbuke jambo la kwanza: konti ikifungwa, feza haijaliwa. Ni kama depo yenye kufuli. Mpunga bado uko ndani, na bado ni wenu. Aliyefunga anashika ufunguo tu. Swali ni kama alikuwa na sababu ya kufunga, na atafungua lini.

2. Juu ya nini kampuni zinafunga?

Wengine wanasema kampuni zinafunga ili kuiba. Tusiende mbio namna ile. Kampuni iko na sababu tatu kubwa za kuweka sheria kali.

Sababu ya kwanza ni wezi. Ninyi wenyewe mnajua zile mesaji: "Nimetuma feza kwako kwa makosa, tafadhali rudisha." Au mtu anapiga simu, anajiita mfanyakazi wa kampuni, anaomba namba ya siri. Mwizi akipata feza, anaitoa kwa ajenti ndani ya dakika chache. Kampuni ikingoja mpaka kesi iishe ndipo ifunge konti ya mwizi, itafunga nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.

Sababu ya pili ni serikali. Kongo iko na sheria ya kupigana na feza chafu na feza ya kulipia ugaidi. Ya zamani ilikuwa ya mwaka 2004. Mpya ni Sheria namba 22/068 ya tarehe 27 Desemba 2022. Inalazimisha benki na kampuni za feza ya telefone kumjua mteja wao, kuangalia feza inavyotembea, na kupeleka ripoti kwa CENAREF, ofisi ya taifa inayopokea habari za feza zenye mashaka. Miezi miwili mbele ya sheria ile, mwezi wa 10 mwaka 2022, GAFI, shirika la mataifa linalochunga mambo haya, ilikuwa imeweka Kongo kwenye orodha ya nchi za kuangaliwa kwa karibu. Toka pale, kampuni ambayo haichungi inaweza kuazibiwa yenyewe.

Sababu ya tatu inatugusa sisi wa kusini ya Maniema. Kwetu kuko mpunga, karanga, mihogo na mafuta ya mawese, lakini kuko pia dhahabu, zaidi upande wa Salamabila na Namoya. Feza ya mpunga na feza ya dhahabu zinapita njia moja. Mashine inayochunga konti inaona namba tu. Haioni gunia, haioni depo, haimjui prezidenti wa koperative. Inaona konti iliyokaa miezi minane bila kitu, kisha kwa siku moja inapokea mamilioni, kisha feza yote inagawanywa kwa watu 40. Sisi tunaita hiyo mavuno. Mashine inaita hiyo mashaka.

Ndiyo maana mkulima mwenye kufanya kazi yake vizuri anaweza kufungiwa bila kosa lolote. Kazi ya msimu inafanana na kazi ya mashaka, mpaka mtu aeleze.

3. Kufungwa si kwa namna moja

Mbele ya kulalamika, mjue ni kufuli gani limewekwa. Kila moja liko na mlango wake.

– Namba ya siri imekosewa. Ukikosea mara kadhaa kwa kufuatana, konti inajifunga yenyewe. Hii ni ndogo. Inafunguliwa na kampuni baada ya kuhakikisha kwamba ni wewe.

– Kitambulisho hakijakamilika. SIM iliandikwa kwa jina la mtu mwingine, au kadi ya uchaguzi iliyotumika imebadilika. Dawa ni kwenda na kitambulisho chenye jina lile lile.

– Kiwango kimepita. Kila aina ya konti iko na mwisho wa feza inayoweza kushika au kutuma kwa siku na kwa mwezi. Konti haijafungwa kweli, imejaa. Dawa ni kungoja, au kupanda kwenye aina ya konti iliyo kubwa zaidi.

– Kuna ubishi juu ya feza fulani. Mtu mwingine amesema ile feza ni yake. Hapa kampuni inazuia feza, na siku ingine konti nzima.

– Kuna mashaka. Mashine au mfanyakazi ameona mwendo usio wa kawaida. Konti inasimamishwa mpaka uchunguzi uishe.

– Kuna amri ya serikali. Tribinali au ofisi yenye uwezo imeagiza feza ishikwe. Hapa kampuni haiwezi kufungua, hata ikitaka. Mtu wa kuzungumza naye ni yule aliyetoa amri, na inafaa kutafuta avoka.

– Konti imekatwa kabisa. Kampuni inasema haitaki tena kufanya kazi na mteja huyu. Hata hapa, feza iliyobaki lazima irudi kwa mwenyewe, isipokuwa iko chini ya amri ya serikali.

Swali la kwanza la kuuliza kampuni ni hili: kati ya hizi, yetu ni ipi?

4. Mfano wa kufundishia

Tuchukue mfano. Hesabu hizi ni za kujifunza tu. Koperative moja ya memba 40 imeuza tani 6 za mpunga, kilo moja franga 800. Jumla ni franga 4 800 000. Koperative haina konti yake. Inatumia telefone ya mtunza feza, konti ya kawaida ya mtu mmoja. Mnunuzi anatuma feza mara nne kwa siku moja, sababu alisikia kwamba ukikata-kata feza haitasimamishwa. Jioni mtunza feza anaanza kulipa memba. Akifikia mtu wa kumi, konti inafungwa.

Sasa angalieni nani amefanya nini.

Mnunuzi alikata feza vipande vinne. Alifikiri anasaidia. Lakini kukata feza ili kupita chini ya kiwango ni alama ya kwanza inayotafutwa na wachunguzi popote duniani. Afadhali kutuma mara moja kwa njia iliyo wazi.

Koperative ilipitisha mali ya watu 40 kwenye jina la mtu mmoja. Kwa macho ya kampuni, feza yote ni ya mtunza feza. Memba 30 waliobaki hawana sauti yoyote mbele ya kampuni, maana majina yao hayako popote. Na kama mtunza feza yule angefariki, au angekuwa na kesi yake mwenyewe, mpunga wa watu wote ungefungwa pamoja naye.

Kampuni ilisimamisha konti. Je, ilifanya haki? Kusimamisha ili kuangalia, ndiyo, iko na ruhusa. Lakini kazi yake haiishi pale. Toka saa ile, saa ya kampuni inahesabu pia.

Jambo la mwisho linatuumiza zaidi kuliko feza. Memba 30 wanasema mtunza feza amekula. Yeye anaapa. Hana karatasi ya kuonyesha. Konti inaweza kufunguliwa baada ya siku kumi, lakini jina la mtu likichafuka kijijini, halifunguliwi na kampuni yoyote. Koperative nyingi hazivunjiki juu ya feza kupotea. Zinavunjika juu ya feza ambayo hakuna mtu anayeweza kueleza iko wapi.

5. Haki inapimwa namna gani?

Sisi watu wa Maniema tunajua haki toka zamani, maana tuko na barza. Kwenye barza, mzee hakati maneno kabla ya kusikia pande mbili. Anasema kosa ni gani. Azabu inalingana na kosa. Na asiyeridhika anaweza kupanda kwa mkubwa zaidi. Tuchukue vipimo vile vile, tuviweke juu ya kampuni.

Kipimo cha kwanza: sheria ilijulikana mbele. Masharti ya konti yanapaswa kuelezwa kwa mteja siku anapofungua, kwa luga anayosikia. Masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo za Kifaransa, mbele ya mkulima asiyesoma Kifaransa, ni kama hayakusemwa.

Kipimo cha pili: sababu inatajwa. "Konti imefungwa" si sababu. "Konti imefungwa juu kitambulisho kimepita wakati" ni sababu. Hapa tuseme ukweli wa upande wa pili. Kuko wakati kampuni imekatazwa kusema. Kama imepeleka ripoti CENAREF, sheria haiiruhusu kumwambia mteja, maana mwenye feza chafu angekimbia. Kwa hiyo ukimya wa mfanyakazi si kila mara dharau. Hata hivyo, anaweza kila mara kukuambia ni karatasi zipi unapaswa kuleta, na ni lini utapata jibu.

Kipimo cha tatu: kufuli linalingana na shida. Kama ubishi ni juu ya franga 100 000, izuiwe franga 100 000, si 4 800 000.

Kipimo cha nne: kusikilizwa. Tumeona kwamba kampuni haiwezi kumsikiliza kila mtu mbele ya kufunga, sababu ya wezi. Sawa. Basi isikilize mara moja baada ya kufunga. Kufunga haraka bila kusikiliza haraka ni azabu bila kesi.

Kipimo cha tano: muda uko na mwisho. Kwa mkulima, hiki ni kipimo kikubwa kuliko vyote. Kampuni ya Marekani inayoitwa PayPal, inayopitisha malipo ya intaneti dunia nzima, imeandika katika masharti yake kwamba inaweza kushika feza ya konti fulani mpaka siku 180. Kwa mfanyabiashara mkubwa, siku 180 ni hasara. Kwetu, mpunga unakaa shambani miezi minne hivi. Siku 180 ni msimu mzima kupita bila mbegu, bila jembe jipya, bila feza ya shule.

Kipimo cha sita: mwingine anaangalia upya. Aliyefunga asiwe yeye peke yake anayeamua kama alifunga vizuri. Kampuni inapaswa kuwa na ngazi ya juu ya kupokea malalamiko, na juu ya kampuni kuko Banque Centrale.

6. Tujifunze kwa jirani

Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007, na imepita kwenye shida hizi mbele yetu. Kule, mtu akituma feza kwa namba isiyo yake, anapeleka ile mesaji ya malipo kwa namba fupi 456 ya Safaricom na kuomba irudishwe. Kama feza bado haijatumika, inaweza kuzuiwa na kurudi. Msaada mzuri. Lakini wezi nao wakajifunza: mtu ananunua bidhaa dukani, analipa, anatoka nje, kisha anaomba kurudishiwa kana kwamba alikosea namba. Mwenye duka akawa mwenye kuumia. Kwa hiyo kampuni ikilazimika kuchagua kati ya anayedai na aliyepokea, ushahidi wa aliyepokea ni wa lazima. Muuzaji mwenye karatasi ya mauzo iliyotiwa saini anajibu kwa dakika moja. Asiye nayo anabaki kuapa.

Kesi nyingine ya Kenya ni kubwa. Mwaka 2022, Mahakama Kuu ya Nairobi iliagiza kufungwa kwa konti nyingi za benki za Flutterwave, kampuni yenye asili ya Nigeria inayopitisha malipo. Ofisi ya serikali ya kurudisha mali ilikuwa imeleta mashaka ya feza chafu, na kampuni ikakana. Baadaye ofisi ile ile iliomba kuondoa kesi zake. Tunatoa funzo mbili. Moja: hata kampuni inayofungia wengine inaweza kufungiwa, na ile siku inaomba haki ile ile tunayoomba sisi. Mbili: kufungiwa si kuhukumiwa. Konti inaweza kufungwa leo kwa amri ya tribinali, na kesho anayeshitaki mwenyewe akaondoa maneno yake. Kwa hiyo kijijini pia, tusimuite mtu mwizi juu konti yake imefungwa.

7. Kujikinga mbele ya mavuno

Toka Kasongo mjini mpaka Kindu ni zaidi ya kilometa 200 za barabara tunayoijua. Toka Kabambare, mtu aongeze zaidi ya kilometa 100 ili afike kwanza Kasongo. Safari ya kwenda kufunguza konti inaweza kula faida ya magunia mengi. Ni afadhali kufanya kazi mbele.

a) Konti iwe kwa jina la koperative. Kongo iko ndani ya OHADA toka mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inatambua koperative kama mtu wa sheria ikishaandikwa. Koperative ndogo ya namna rahisi inaweza kuanza na watu 5. Ile yenye baraza la uongozi inaomba watu 15. Mkisha kuandikwa, muombe konti ya shirika, yenye kiwango cha juu kuliko konti ya mtu mmoja. Kama karatasi bado, basi walau SIM ya koperative iwe peke yake, isiwe ile mtunza feza anayotumia kwa mambo ya nyumbani, na mkutano uandike kwenye daftari kwamba namba hii inashika feza ya memba.

b) Kampuni ijue mbele. Mwezi mmoja mbele ya kuuza, prezidenti na mtunza feza waende kwenye ofisi ya kampuni, au kwa mtu wake aliye karibu, na barua: sisi ni koperative ya mpunga, tutapokea kiasi hiki kati ya tarehe hii na hii, kutoka kwa mnunuzi huyu, na tutalipa memba hawa. Nakala moja itiwe mhuri na kubaki kwenu. Mashine haitambui mavuno, lakini mtu anayeisimamia anaweza kutambua.

c) Kila feza iwe na karatasi yake. Mkataba na mnunuzi, karatasi ya kupima magunia, risiti, orodha ya memba na kilo za kila mmoja. Mesaji za malipo ziandikwe kwenye daftari siku ile ile: tarehe, saa, kiasi, namba ya malipo. Telefone inaanguka majini, daftari linabaki depo.

d) Namba ya siri isiwe ya watu wote, na isiwe kwa ajenti. Ajenti ni mtu wa kubadilisha feza, si mtunza konti. Anayesema "nipe kode nikusaidie" anaomba ufunguo wa depo.

e) Msirudishe feza mliyopokea kwa makosa kwa kumtumia mtu anayepiga simu. Mwambieni apite kwa kampuni yake. Siku ingine feza ile imeibwa kwa mtu wa tatu, na ukiirudisha kwa mwizi, konti yenu ndiyo itaonekana kama njia yake.

f) Msiweke mayai yote chini ya kuku mmoja. Feza ikiingia, memba walipwe kwa mpango, na sehemu ya mbegu iende mahali pengine: benki, koperative ya akiba, au sanduku lenye funguo tatu.

8. Ikifungwa: hatua kwa hatua

Siku ya kwanza. Msitupe SIM, msinunue nyingine, msijaribu namba ya siri mara nyingi. Andikeni saa, mesaji iliyokuja, na feza iliyokuwa ndani. Iteni komite, si mtunza feza peke yake. Kisha waambieni memba wote, siku ile ile, mbele ya mtunza feza. Habari inayofichwa usiku mmoja inazaa maneno ya mwaka mzima.

Siku ya pili. Pigeni simu kwa kampuni kutoka namba ile ile, ama mwende kwenye ofisi yake, si kwa mtu wa barabarani anayejivuna kwamba ana ndugu ndani. Ulizeni mambo matatu: kufuli ni la namna gani, mnapaswa kuleta nini, jibu litatoka siku gani. Ombeni namba ya malalamiko. Bila namba ile, kesho wataanza upya kama hawakuwajua.

Siku ya tatu. Andikeni barua. Hii ni mfano, ongezeni yenu:

"Sisi, koperative ya ............, yenye memba ......, tunajulisha kwamba konti namba ............ ilifungwa tarehe ...... saa ...... Ndani mlikuwa na franga ............ Feza hii inatoka kwa mauzo ya kilo ...... za mpunga, kwa mnunuzi ............ Tunaweka nakala za mkataba, karatasi ya kupima, orodha ya memba na kitambulisho cha mwenye SIM. Tunaomba: 1) kuelezwa sababu, kama sheria inaruhusu, 2) kufunguliwa kwa konti, ama walau kwa sehemu isiyo na ubishi, 3) jibu la maandishi mbele ya tarehe...... Namba ya malalamiko yetu ni ............"

Saini ziwe tatu: prezidenti, sekretere, mtunza feza. Barua isiwe na matusi. Anayeisoma siye aliyefunga, na mnataka awe upande wenu.

Siku ya kumi. Kama hakuna jibu, pandeni juu. Kwanza makao makuu ya kampuni, na nakala za barua ya kwanza. Kisha Banque Centrale du Congo, maana ndiyo inayotoa ruhusa ya kazi hii. Kama shida ni SIM na si feza, ARPTC ndiyo inasimamia mambo ya telefone. Mwisho ni tribinali, na hapo daftari lenu litasema zaidi ya midomo yenu.

Jambo moja msifanye: msilipe mtu "kitu kidogo" ili afungue. Mkilipa, mmeongeza kosa juu ya shida ambayo haikuwa na kosa.

9. Na sisi wenyewe?

Tunaomba kampuni zitaje sababu, zisikilize, ziweke muda. Basi tujitazame. Memba akichelewa kulipa mchango, je, tunamkata bila kumwita? Memba akileta mpunga wenye maji, je, tunamnyima feza yote au ile ya gunia lile tu? Je, aliyefukuzwa na komite anaweza kusemea mbele ya mkutano mkubwa? Statuti za koperative ziandike mambo haya. Mwenye kudai haki nje aikutwe nayo ndani.

Ya kukumbuka

– Konti kufungwa si feza kuliwa, na si mtu kuhukumiwa.
– Kufunga haraka kunaweza kuwa haki. Kunyamaza muda mrefu si haki.
– Kazi ya msimu inafanana na mashaka mpaka mueleze mbele.
– Jina la koperative, karatasi na daftari ndizo ufunguo wa pili wa konti.
– Memba wajulishwe siku ile ile.

Maswali ya kujadili

1. Feza ya koperative yetu inapita kwenye konti ya nani? Yule mtu akifariki leo, tutafanya nini kesho?
2. Kama mtu akidai kwamba feza ya mnunuzi ni yake, tuko na karatasi gani za kumjibu?
3. Nani kati yetu atapeleka barua kwa kampuni mbele ya mavuno, na tarehe gani?
4. Katika vipimo sita vya haki, ni kipi sisi wenyewe hatukitimizi kwa memba wetu?

Andikeni majibu kwenye daftari la mkutano, na muyasome tena siku ya kwanza ya kupima magunia. Mavuno mema, wandugu.